Majimoto wa Ambakisye

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa kustaafu, na kama kuna kitu nilikuwa nimekichoka kuliko ile pikipiki ya ofisi isiyo na breki ya nyuma, ni kuitwa. Bwana shamba, njoo uone mpunga wangu. Bwana shamba, migomba inanyauka. Bwana shamba, kuku wangu anazunguka kichwa, kana kwamba mimi ni daktari wa kuku. Vijiji vinne, bwana shamba mmoja, na huyo mmoja mwenyewe magoti yanalia akipanda ngazi ya kanisa. Jina langu ni Lutengano. Kwa Kinyakyusa maana yake ni amani, na aliyenipa jina hilo angenisikia ninavyosonya siku hizi angeomba arudishiwe.

Habari za kakao ya Rut nazisimulia mwenyewe kwa sababu zimeshasimuliwa sana na watu ambao hawakuwepo.

Rut ni mjane wa Ambakisye, wa pale Bujonde. Ambakisye alikufa mwezi wa sita, presha. Alikuwa na kakao nyuma ya nyumba, miti mia mbili na kitu, na katikati ya miti hiyo na migomba ndipo walipomzika, kama tunavyozika huku, mtu analala nyumbani kwake. Msiba wetu si wa kutoa pole na kuondoka. Watu wanakuja na mikeka na mchele na mikungu ya ndizi, wanakaa siku nne, siku tano. Turubai la kukodi halitoshi hata siku moja, kwa hiyo wengine tunawekewa viti chini ya kakao, kwenye kivuli. Mimi kama mtu wa serikali niliwekwa mahali pazuri, karibu na mchungaji.

Mahali pazuri pale palikuwa na majimoto. Aliyewahi kuumwa nao hahitaji kuelezwa. Ni wadudu wa jamii ya siafu na sisimizi, wekundu, miguu mirefu, wanashona majani mabichi mtini kwa utando mweupe mpaka yanakuwa kiota cha ukubwa wa mpira wa miguu, na wakikuuma wanamwagia kidonda maji yao, unawaka. Shamba la Ambakisye lilikuwa limejaa. Sijui mtu mwingine Bujonde nzima aliyewaachia namna ile.

Mchungaji alipofika kwenye sala ya kufunga, mmoja akanishika shingoni, wa pili ndani ya kola, wa tatu sitasema wapi. Niliruka. Kiti kikaanguka, kofia ikaanguka, na wanawake waliokuwa wamekaa chini wakaficha nyuso zao kwenye khanga, na mabega yakawa yanatikisika. Nilichekwa msibani, mbele ya mchungaji, mtu mzima wa miaka hamsini na nane. Vijana wa kazi walipokuja kuniuliza kama wavichome vile viota, na kama kuvichoma hakutadhuru miti, sikufikiri hata kidogo. Nilisema, na maneno haya nayakumbuka yote, "Hao wadudu hawana faida yoyote. Chomeni wote."

Wakafunga tambara kwenye ufito mrefu, wakalilowesha mafuta ya taa, wakapita mti kwa mti. Mpaka jua linazama hapakuwa na kiota hata kimoja, na siku zilizobaki tulikaa kwa raha zetu.

Mwezi wa tisa nikaitwa. Matunda ya kakao ya Rut yalikuwa yamejaa madoa meusi, na yale machanga yalikuwa yanakauka yakiwa madogo kama kidole gumba. Siku hiyo nilikuwa nimetoka Ndandalo kwenye mpunga, tope mpaka kiunoni, na nilitaka kwenda nyumbani. Nikamkuta Rut amepiga magoti kwenye kaburi la mumewe, bado udongo mtupu na msalaba wa mbao, akisema maneno kwa sauti ya chini. Nikasubiri amalize sala zake. Kisha nikaangalia kakao nikiwa juu ya pikipiki, injini inanguruma, nikasema ni ugonjwa wa kuoza, huo unaoletwa na unyevu. Nikamwagiza apunguze matawi, aingize jua, na matunda yote yenye madoa ayachume na kuyafukia.

Kuoza na kudungwa na mdudu ni vitu viwili tofauti, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Kuoza kunaanza na doa moja, linapanuka, linakula tunda zima, na linaota ukungu mweupe. Yale yalikuwa madoa mengi madogo madogo, makavu, yamebonyea kidogo. Ningeshuka kwenye pikipiki ningeyaona. Sikushuka.

Rut alifanya yote niliyomwambia. Yeye na binti yake Jubilate, ambaye yuko kidato cha pili, walikata matawi wiki tatu. Wakachimba shimo, wakafukia matunda. Mwezi wa kumi na moja nikapita tena, na hali ilikuwa mbaya mara mbili. Alinisimamisha barabarani, panga mkononi, viganja vimechubuka, akaniambia amechoka. Hakulalamika. Alisema tu kwamba amechoka, kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Hapo ndipo nikaelezwa lililokuwa linamsubiri. Eliya, kaka mkubwa wa Ambakisye, alikuwa amesema mbele ya ndugu kwamba kakao zile zimekufa mikononi mwa mwanamke. Eliya ana wana watatu wakubwa, wote wanataka mahali pa kujenga. Siku ya kujengea kaburi, mwezi wa kwanza, ukoo wote utakapokuwa umekusanyika, wataliangalia shamba. Wakikuta miti haina kitu, itakatwa, eneo litagawanywa viwanja, na Rut atarudi kwao. Kwao ni ufukweni mwa ziwa, kwa Wakisi, wafinyanzi wa vyungu, na mama yake mzee anaishi chumba kimoja kilichojaa vyungu kuliko watu. Jubilate angebaki kwa baba yake mkubwa. Hilo la Jubilate Rut alilisema mwisho, na alilisema akiangalia pembeni.

Nikashuka kwenye pikipiki. Niliingia shambani nikainama chini ya matawi, nikaanza kugeuza matunda moja moja. Nikamwona. Mdudu mwembamba, kichwa cheusi, miguu na vipapasio virefu kama nywele. Wakulima wa kusini wanamwita mbu wa mikorosho, ingawa si mbu. Anadunga tunda au chipukizi, anafyonza utomvu, anaacha sumu yake, na pale alipodunga panakuwa doa jeusi. Na anapenda jua. Penye mwanya wa matawi ndipo anapojaa. Mimi ndiye niliyemfungulia dirisha.

Nilikaa chini kwenye majani makavu. Rut akauliza mdudu huyu ametoka wapi, mbona miaka yote ya Ambakisye hakuwepo. Nami nikakumbuka darasa, miaka thelathini na moja nyuma, mwalimu wetu wa wadudu akichora ubaoni mnazi na majimoto, akisema penye hawa hakuna mfyonzaji anayetulia, wanawinda mti mzima, usiwaguse. Niliandika kwenye daftari. Nilipata alama nzuri.

Nikamweleza Rut kwamba majimoto ndio waliokuwa walinzi wa miti ile. Kisha akasema Ambakisye alikuwa akitupa vichwa vya usipa, wale dagaa wa ziwani, chini ya miti kila jioni, na yeye alidhani ni uchafu tu wa mwanaume.

"Kwa hiyo ni kule kuchoma," akasema.

"Ndiyo," nikasema, nikiangalia viatu vyangu. "Ni kule kuchoma."

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema ni nani aliyeagiza. Nikajitia hamnazo. Niliona uso wake umebadilika, umeshuka kama mtu aliyetwikwa mzigo mzito kichwani, na nikajiambia ni huzuni ya shamba. Jioni nikamweleza mke wangu Elizabeth. Yeye alisikiliza huku anachambua mchele, akauliza swali moja, kama nimemwambia yule mama ukweli. Nikasema bado, nitamwambia mambo yakitengemaa, kwa nini nichafue jina la miaka thelathini na moja wakati ninakaribia kuondoka. Elizabeth akasema aha. Kuanzia siku hiyo kila nikirudi kutoka Bujonde ananiuliza, "Umemwambia?" Nikisema bado ananipakulia chakula na kwenda kukaa barazani.

Eliya alipopata habari kuwa ni mdudu, alikuja na bomba la kupulizia la kuazima. Nikamkatalia. Kikundi chao chote cha wakulima kinauza kakao isiyopigwa dawa, wakaguzi wanakuja, na shamba moja likipuliziwa, majirani wote wanaingia matatani. Akaniuliza basi mimi nina nini. Nikasema nitarudisha majimoto. Alinitazama kama ninavyomtazama mtu anayeniletea kuku anayezunguka kichwa.

Kuhamisha majimoto si kazi ya mtu mwenye magoti mabovu. Unakwenda alfajiri kukiwa na baridi, wakiwa wamelala ndani ya kiota, unakata tawi taratibu, unatia kwenye kiroba, unafunga. Nilipata viota vitatu Ndandalo na viwili kwa jirani wa pale pale Bujonde. Vile vitatu nikavifunga nyuma ya pikipiki. Nilipofika darajani jua lilikuwa limepanda, wamepasha moto, wametoboa kiroba. Niliiacha pikipiki inaenda peke yake, nikaingia mtaroni na nguo zangu zote. Akina mama waliokuwa wanapeleka ndizi sokoni walishusha mikungu ili wacheke vizuri.

Tukavifunga viota kwenye miti mitano, na Rut akaunganisha miti kwa kamba za migomba ili wapate njia za kupita. Nikalala vizuri siku hiyo. Asubuhi nikakuta chini kumetapakaa vichwa na miguu. Walikuwa wamepigana na kumalizana, wa Ndandalo na wa Bujonde. Rut alikuwa ameshika ufagio tu, hafagii.

Nikampigia simu niliyesoma naye, yuko pwani kwenye minazi. Alicheka mpaka salio langu likaisha. Akanipigia yeye, akaniambia majimoto wana koo kama watu, kila ukoo na mama yake, na ukoo hauvumilii ukoo. Chukua viota vyote kwenye miti inayogusana, na usipopata chenye mama, ulichobeba kitakufa chenyewe. Na siku za kwanza wape chakula, wasitamani kuondoka.

Nilimletea Rut habari hizo nikiwa na aibu, na nilitegemea aniambie inatosha. Alikuwa kwenye kaburi tena, magoti chini, maneno yale yale ya chinichini. Akainuka, akajipangusa, akasema viroba havifai, tutumie vyungu. Alikwenda kwao ufukweni akarudi na vyungu sita vipya vya mama yake, vyenye shingo nyembamba. Alichopanga ni kwamba tupake majivu mdomoni, maana majimoto hawapiti kwenye majivu, kisha tufunge jani la mgomba juu. Miaka thelathini na moja ya ugani, na sikuwahi kuwaza hilo.

Tulikwenda Mwaya, kwa mwenye michungwa ambaye hakuamini bahati yake kwamba kuna watu wanataka kuchukua wadudu wale bure. Tulikata viota kumi na kimoja kwenye michungwa minne iliyoshikana matawi. Mikono yetu tulipaka majivu mpaka kwenye mabega. Rut aliumwa kwenye jicho, likavimba likafunga, akaendelea na kazi kwa jicho moja. Tulivisafirisha mara mbili kwa pikipiki, yeye amekaa nyuma amekumbatia vyungu, na hakuna hata mmoja aliyetoka.

Safari hiyo hawakupigana. Kwa wiki mbili Rut alikuwa akitupa vichwa vya usipa kwenye mashina, asubuhi na jioni, na nilipopita nilimkuta akiwahesabu wanaopita kwenye kamba. Kabla ya Krismasi walishaanza kushona majani mapya. Kufikia mwaka mpya, miti kama kumi na minne ya upande wa kaburi ilikuwa na matunda machanga safi, ya kijani, hayana doa. Kumi na minne kati ya mia mbili si kitu. Lakini mwenye macho angeona kwamba shamba limeanza kupumua.

"Umemwambia?" Elizabeth akauliza.

Nikasema baada ya kujengea kaburi.

Siku ya kujengea ilikuja. Mafundi walishachanganya zege toka asubuhi, ukoo umejaa, masufuria jikoni yanafuka, na viti vikapangwa pale pale, chini ya kakao, kwenye miti ile kumi na minne kwa sababu ndiyo yenye kivuli na iko karibu na kaburi. Mimi nikawekwa mahali pangu pa serikali. Nilifika na tai. Nilitaka kumwonyesha Eliya matunda yale kwa utaratibu, baada ya chakula, watu wakiwa wameshiba na wapole.

Hatukufika kwenye chakula. Mchungaji alikuwa anasoma zaburi ndipo Eliya akashika sikio. Kisha shangazi mmoja akapiga yowe, kisha viti vitatu vikaanguka kwa mpigo, na watu wakawa wanajipiga migongo na mapaja. Eliya akasimama, sikio jekundu, akasema waletewe mafuta ya taa. Kijana mmoja alikuwa tayari anafunga tambara kwenye ufito. Niliutambua ule ufito. Ulikuwa ule ule.

Nikainuka, nikasema wasichome, hawa ndio wanaolinda kakao, nikaanza kueleza habari za mfyonzaji na madoa. Ilikuwa hotuba nzuri, na nilikuwa nimeitengeneza isimguse mtu yeyote. Eliya aliniacha nifike katikati, akanyanyua mkono.

"Bwana shamba, nimekuelewa," akasema. "Kama hawa ni walinzi, basi tujue aliyeua walinzi wa mdogo wangu. Mafuta ya kuchomea siku ya msiba yalitoka jikoni kwa nani? Mama Jubilate, sema. Ambakisye hakukukataza kuwagusa?"

Rut alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, ameshika mwiko. Watu wote walimgeukia, na Jubilate, aliyekuwa anagawa maji, akasimama na jagi mkononi.

"Alinikataza," Rut akasema. "Tangu ananioa alinikataza, hakusema sababu. Vijana walikuja wakasema wageni wanaumwa. Niliona aibu wageni waumwe kwenye msiba wa mume wangu. Nikatoa mafuta."

Eliya akawageukia ndugu, hakuwa hata na hasira. Akasema wamesikia wenyewe. Mwanamke alikatazwa na mumewe, na mume hajafukiwa siku mbili, amelivunja neno lake na kumuulia shamba. Alisema yeye hamchukii shemeji yake, lakini mtu kama huyo unamwachiaje ardhi ya ukoo. Na baadhi ya wazee wakaitikia kwa vichwa, taratibu, kama watu wanaokubaliana na hali ya hewa.

Mwili wangu wote ulikuwa unataka kukaa. Nasema ukweli, nilikitafuta kiti kwa mkono, nikakishika. Halafu nikaona Rut anavyonitazama. Hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa ananitazama kama mtaalamu, akisubiri niendelee kueleza habari za wadudu, kwa sababu hakujua. Miezi yote hiyo hakujua kwamba vijana walipomwendea jikoni walikuwa wametoka kwangu.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakusikia vizuri, nikarudia. Nikasema vijana waliniuliza mimi, bwana shamba wa serikali, kama kuchoma kuna madhara, nami nikawajibu kuwa wale wadudu hawana faida yoyote, wachome wote. Nilisema hivyo kwa sababu niliumwa na nikachekwa. Nilikuwa nimesomea jambo hilo na nikalisahau kwa hasira za kola. Kisha nikamwambia huyu mama ni ugonjwa wa kuoza, bila kushuka kwenye pikipiki, akakata matawi na kuwazidisha wadudu. Kama kuna mtu aliyeua shamba la Ambakisye, amevaa tai na amesimama mbele yenu. Yeye alitoa mafuta. Neno nilitoa mimi.

Mzee mmoja akaanza kucheka, akajizuia. Yule kijana mwenye tambara, ambaye kumbe alikuwa mmoja wa wale wa mwezi wa sita, akasema ni kweli, bwana shamba ndiye aliyesema. Nikawaomba waje waangalie matunda, na walikuja, wakiruka na kujikung'uta, Eliya mwenyewe mbele. Aligeuza tunda moja, akageuza la pili. Alikwenda mpaka mti wa kumi na nne, akavuka kwenda kwenye miti isiyo na majimoto, akageuza ya huko pia, yote meusi. Aliporudi alimwambia kijana atupe lile tambara. Akasema tuone msimu mwingine. Hakumtazama Rut wala hakunitazama mimi. Viti vikahamishiwa juani, na tukala jasho likitutoka.

Nilimkuta Rut jikoni, anaosha sufuria. Nikamwambia nashukuru Mungu imekwisha vizuri. Nilikuwa mwepesi, nakiri, mwepesi kama mtu aliyetapika. Nilitegemea aseme ndaga fijo, asante sana, kama tunavyoambiana huku kwa jambo dogo kuliko hilo.

Aliendelea kusugua.

"Ulijua tangu mwezi wa kumi na moja," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Kila ukija ulikuwa unanikuta pale kaburini. Ulidhani nasema nini?"

Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Nilikuwa namwomba msamaha, baba. Kila siku. Nilijua nimemvunjia neno lake moja alilowahi kunikataza, nimemuulia miti yake, na amenikasirikia huko aliko. Na wewe ulikuwa umesimama na pikipiki yako, unasubiri nimalize."

Akaifudikiza sufuria kwenye kichanja. Kisha akachukua bakuli la vichwa vya usipa lililokuwa dirishani, akaniwekea mkononi, akarudi kwenye vyombo. Nilitoka nalo. Nikazunguka miti yote kumi na minne na tai yangu, mti kwa mti, nikiweka vichwa kwenye mashina, na waliniuma kadiri walivyotaka.

Elizabeth jioni ile aliniuliza, nikasema nimemwambia. Akaniuliza nikiwa nimechelewa kiasi gani. Nikavuta sahani, nikala.

Sasa nimestaafu. Kakao za Rut zimerudi, si zote, lakini zaidi ya nusu, na Eliya amewatafutia wanawe viwanja kwingine. Bujonde nzima wananiita Majimoto, watoto kwa wakubwa, na nimezoea. Kila Jumamosi napeleka vichwa vya usipa, ingawa majimoto wale hawahitaji tena kulishwa, wamejaa wenyewe. Rut akiniona ananisalimia, "Ugonile, baba," nami naitikia, na ananiuliza hali ya magoti na ya Elizabeth, kwa adabu zote. Kisha anaendelea na kazi yake, nami nazunguka miti. Lile neno "karibu ndani", ambalo huku anaambiwa hata mkusanya sadaka asiyejulikana, hajaniambia tena.